Intaneti ya Chumba cha Nyuma

Mama aliyenipigia simu kutoka Kendu Bay aliniambia jambo moja kabla hata hatujamaliza kusalimiana. Hakutaka ukuta wowote utobolewe.

Wateja wengi husema hivyo kwa kuogopa rangi yao kuharibika. Yeye alisema ni kwa sababu ya vumbi. Mumewe alichimba dhahabu Macalder tangu ujana wake, baadaye Osiri, na miaka ya mwisho akawa msimamizi wa mashine ya kusaga mawe. Vumbi la mawe lilimkaa kifuani. Sasa alikuwa kitandani, akipumua kwa mashine ya oksijeni, na chumba chake hakikufagiliwa bila sakafu kunyunyiziwa maji kwanza.

Nilimwambia kuna njia isiyohitaji kutoboa. Unachomeka kifaa kimoja kwenye soketi iliyo karibu na rauta, kingine kwenye soketi ya chumba unachotaka, na intaneti inapita katika nyaya zilezile zinazopitisha stima. Nimefunga vifaa hivyo katika gesti kadhaa hapa Migori ninakofanyia kazi. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha akasema nije Ijumaa asubuhi, maana wao ni Wasabato na alitaka kazi iishe kabla jua halijatua na Sabato kuanza.

Nyumba ilikuwa ya mawe, kuta nene. Mzee aliijenga kwa dhahabu wakati mambo yalipokuwa mazuri. Rauta ilikuwa sebuleni. Chumba chake kilikuwa nyuma kabisa, na huko simu haikushika hata kidogo. Walikuwa na binti mmoja, aliyekwenda nchi ya mbali kulea watoto wa watu. Kila alipopiga simu, mama alizungumza naye sebuleni, akakata, akaenda nyuma kumweleza mzee yaliyosemwa, kisha akarudi mbele kupiga tena na kupeleka jibu. Waliishi hivyo tangu mzee alipolazwa na ugonjwa.

Nilianzia sebuleni. Nilichomeka vile vifaa viwili, yaani adapta, nikabonyeza vitufe vyake mpaka zikatambuana na taa zikawa kijani, nikabadilisha jina la mtandao na neno la siri. Ndipo nikabeba ya pili kwenda chumbani.

Mzee alikuwa ameegemea mito. Mimi ni Mkuria na Dholuo yangu ni ya sokoni tu, kwa hiyo nilimwamkia kwa Kiswahili. Aliinua vidole, akafumba macho, akayafumbua. Nilielewa kwamba ndiyo salamu aliyoimudu.

Chumba kilikuwa na soketi moja yenye matundu mawili. Mashine ya oksijeni ilikuwa kwenye tundu la kushoto. Nikachomeka adapta kulia, taa ikawa nyekundu. Ikageuka kijani kidogo, ikarudi nyekundu. Kila mota ya mashine iliposukuma, mawasiliano yalikatika. Mota kama ile huchafua waya kwa kelele ambayo sikio halisikii, na adapta ikiwa jirani yake haipati nafasi ya kuzungumza.

Dawa yake niliijua. Adapta zangu zina tundu usoni, na tundu hilo lina kichujio ndani. Ukichomeka mashine hapo, kelele yake haiingii kwenye waya. Nilisoma kibandiko cha mashine nikahakikisha adapta itaubeba mzigo wake. Lakini ili kufanya hivyo, ilibidi mashine ichomolewe kwanza.

"Stima ikipotea huwa mnafanya nini?" nilimuuliza mama.

"Kuna mtungi wa oksijeni."

"Basi tumuwekee mtungi kidogo tu, nibadilishe hapa."

Mama alitazama mashine, akamtazama mumewe. "Wacha," akasema. "Kusanya vitu vyako. Hatutaendelea."

Nilidhani anaogopa kuizima. Nilimfuata kwenye korido, nikaanza kumweleza kwamba ni muda mfupi sana na mtungi utakuwa umeshafunguliwa. Akanikatiza kwa sauti ya chini.

"Hii kitu ikishika, msichana atamuona?"

"Atamuona, mama. Kama vile mimi na wewe tunavyoonana."

Akaegemea ukuta. "Mimi humwambia kwamba baba yake anaendelea vizuri. Namwambia anakula, anatembea mpaka nje. Anafanya kazi peke yake kwa watu, atalia na nani?" Akajifuta uso kwa kitambaa cha kichwa. "Ni yeye alisisitiza nikutafute. Mimi sikujua nitamkatalia vipi."

Mimi nimezoea kuulizwa kuhusu kasi ya intaneti.

Mlango ulikuwa wazi, na mzee alikuwa amesikia. Aliita, "Nyara," yaani binti yangu, na mama akanionyesha kwa kichwa kwamba anayeitwa ni mimi. Niliporudi ndani aliniambia maneno mawili, akipumzika katikati.

"Fanya... kazi."

Kisha akamgeukia mkewe, akasema naye Dholuo polepole, kila neno likimgharimu. Mama alisimama akisikiliza. Halafu akafungua kabati, akatoa shati jeupe na kitana. Alimvalisha, akamchana nywele, akafungua mtungi na kumbadilishia mpira wa pua. Nilichomoa, nikachomeka, nikawasha. Mashine ikarudia mlio wake, taa ikawa kijani na ikabaki hivyo.

Binti alipokea simu akiwa jikoni kwa mtu, sauti yake chini. Nilimwona kwa kupita tu nikimkabidhi mama simu. Alisema "Baba," kisha akanyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani mtandao umekatika. Nikatazama taa. Ilikuwa bado kijani.

Nilitoka nikakaa barazani. Kutoka pale nilisikia mama akilia, kisha sauti ya mzee, fupifupi, haina haraka.

Wiki chache baadaye mama alinipigia kusema binti amerudi. Alikaa na baba yake msimu wote wa mvua, akimlisha, akilala kwenye mkeka kando ya mashine. Mvua zilipokwisha, mzee akafariki.

Nilikwenda mazishini. Binti alinishika mikono yote miwili. Aliniambia kwamba asubuhi ya ile Ijumaa alikuwa amemkubalia mwajiri wake kuongeza miaka miwili, na jioni yake akaenda kukataa.

Mama alikuwa ameketi na wanawake wa kanisa. Nilipoinama kumpa pole, alinivuta karibu na mdomo wake.

"Ile siku bado inaniuma," akasema. "Uso wa mtoto wangu kwenye simu."

"Najua, mama."

"Lakini isingekuwa siku ile, ningemzika baba yake bila yeye." Akasogea kwenye benchi ili nipate pa kukaa.