Leo nimepata mtu wa kula naye Kasulu

Jamani, leo mtu amekaa meza moja na mimi!

Nipo mgahawani, nakula migebuka peke yangu, kama kawaida tangu nihamishiwe huku kufundisha.

Akapiga simu Shabani, rafiki yangu tuliyepitia naye mgambo. Siku hizi yuko Afrika Kusini, anashindana kulenga shabaha. Anataka kubadilisha kibeba bolti cha bunduki yake, kile chuma kinachorudi nyuma kila ukifyatua.

Mtandao mbovu, nikawa napayuka: “Ukiweka chepesi bunduki hairuki sana! Ila kikichafuka kinakwama! Chukua kizito!”

Mgahawa mzima ukanigeukia.

Huku mpakani bunduki si stori ya mezani. Watu wa meza za jirani wakabeba sahani zao, wakahama.

Bwana mmoja naye akahama na chai yake. Akaja kwangu.

“Mwalimu, kwa nini kizito?”

Nikamweleza yote. Anasikiliza! Anauliza! Samaki wangu wakapoa naongea tu.

Mwisho akatoa kitambulisho.

Askari kanzu.

Akakagua simu, akamhoji hata Shabani kwa simu hiyo hiyo, akaniambia niko huru, ila nisipayuke tena.

Mnajua nilimjibu nini?

Nilimuuliza kesho anakula wapi.