Mzee Niliyemkopa

Walisema sitamaliza mwaka. Walisema mtu aliyezoea Mombasa hawezi jua la kwetu Kanyangi, na kwamba diploma yangu ya ufundi, niliyoisomea jioni baada ya kazi bandarini, haitavuta hata mtungi mmoja wa maji. Aliyesema kwa sauti kubwa zaidi ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Basi nawaambia wote, walio hai na waliotangulia: maji niliyavuta.

Nilikuwa nimerudi na kuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha pamba upande wa Makueni. Kila mwezi walikata sehemu ya mshahara wetu na kuiweka akiba ya uzeeni. Mimi nilitaka mashine ya dizeli ya kuchomelea vyuma, niunde mikokoteni ya punda nyumbani, ambako punda walibeba mitungi minne mgongoni kutoka mtoni. Benki ilitaka hati ya shamba, na shamba lilikuwa bado kwa jina la marehemu baba. Nikaenda kwa karani wa akiba. Sheria iliruhusu mtu kukopa nusu ya akiba yake, akatwe kidogo kidogo kwa miaka mitatu, na riba irudi mle mle kwenye akiba yake.

Karani, ambaye miwani yake ilifungwa kwa uzi, alisoma fomu mara mbili.

"Fundi, unajua unamkopa nani?"

"Kiwanda."

"Wapi! Unamkopa mzee mmoja wa miaka hamsini na tano, hana kazi, hana meno. Usipomlipa atalala njaa, na hatakuwa na wa kumshtaki."

"Huyo mzee namjua. Piga muhuri."

Pesa hazikutosha. Shemeji aliniongezea, nadhani ili apate la kusema. Mfanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini, aliyekuwa na magari mabovu pale soko la Kabati, alinipa ekseli mbili kwa mkopo.

Mkokoteni wa kwanza niliuunda kwa vipimo vya bandarini, ambako huvutwa na watu. Punda alipouvuta kupanda ukingo wa mto, mikono ya mkokoteni ilimwinua kifua, ukapinduka, maji yote yakanywewa na mchanga.

"Nirudishie pesa yangu kabla punda wengine hawajasikia!" shemeji akapaza sauti, na mto mzima ukacheka.

Kesho yake nilimpima punda kwa futi, bega hadi kwato.

"Unamshonea suti?" mama aliniuliza.

"Na kofia, mwaitu."

Mkokoteni wa pili ulipanda ukingo ule ule na mitungi kumi na miwili. Hakuna aliyecheka. Kufikia mwaka wa tatu mikokoteni yangu ilionekana hadi Migwani.

Siku ya kulipa niliomba ruhusa kazini. Nilianzia Kabati. "Wallahi, nilishazizika ekseli zile," yule mfanyabiashara akasema. Shemeji alihesabu mara mbili, akakohoa, kisha akaniuliza kama ningempa mkokoteni kwa mkopo.

"Leta hati ya shamba," nikamwambia.

Nikamalizia kwa karani. Ilibaki miezi minne ya kukatwa, lakini niliweka pesa zote zilizosalia mezani kwa mara moja. Alipiga muhuri taratibu.

"Mzee wako atakula, Fundi."

"Atakula nyama," nikasema, nikikunja risiti. "Na meno atakuwa nayo."