Mheshimiwa na Jina la Mkuu wa Shule

Jina la Mheshimiwa nilimbandika mimi mwenyewe, wala halikuwa la sifa. Kijana wa watu alikuwa na adabu hadi anachosha. Mkikutana mlangoni anakupisha, nawe ukimpisha anakupisha tena, mnabaki hapo mnabembelezana huku chai inapoa ndani.

Tulipelekwa pamoja, wahitimu wawili wa chuo kimoja, kwenye mpango wa mwaka mmoja wa kufundisha ugenini. Tuwafundishe watoto wa kule lugha yetu na maisha yetu, nasi tujifunze ya kwao. Shule ilikuwa jengo la ghorofa lenye ngazi za chuma na korido inayonuka rangi mpya na makoti mabichi. Mwisho wa mwaka, mkuu wa shule angechagua mmoja wetu abaki mwaka wa pili. Nafasi moja, watu wawili. Mheshimiwa aliitaka kufa na kupona, maana nyumbani alikuwa amezunguka na cheti chake hadi bahasha ikachanika, na darasa hakupata. Kule alikuwa na darasa lake, na watoto walikuwa wananyamaza akiingia. Mimi niliitaka kwa sababu sipendi kushindwa.

Shida ni kwamba pale kila mtu aliitwa kwa jina lake tupu. Mpishi, karani, mwalimu wa hesabu, hata mkuu mwenyewe, mwanamke mwenye mvi anayemzidi umri mama yake Mheshimiwa. Mimi siku ya kwanza nilimeza mate, siku ya pili nikalitamka, siku ya tatu nikalizoea. Mwenzangu, thubutu! Alijaribu kumwita kwa cheo, mama wa watu akacheka, akamwambia amwite jina lake tu kama wengine. Basi akaamua kutomwita kabisa. Akimhitaji, anasogea nyuma yake na kukohoa.

Alikohoa wiki baada ya wiki. Kwenye kikao cha walimu, akitaka kuuliza swali, anakohoa. Mwalimu wa hesabu akahamisha kiti. Karani akaanza kufungua madirisha, na ile baridi ya kule si ya mchezo. Mwishowe nesi wa shule akampeleka kupimwa kifua. Mapafu yakakutwa mazima kabisa, ila hakuondoka mikono mitupu, alipewa dawa ya maji, kijiko asubuhi na kijiko jioni. Akainywa yote, kwa sababu aliona kumkatalia nesi ni utovu wa adabu.

Nilimwambia, ndugu yangu, litamke hilo jina utupumzishe. Akanijibu kwamba bibi yake akisikia atamkana. Nikamshauri amwite mama tu, yaishe. Akaona haitoshi. Mtu mkubwa namna ile huwezi kumwita mama hivi hivi kama unamuuliza bei ya viazi. Lazima aitwe mama wa mtu, Mama Fulani, kwa jina la mwanawe. Kilichobaki ni kujua huyo mwana anaitwa nani.

Hapo ndipo alipoyakoroga. Alikwenda kwa karani akamuuliza, kwa sauti ya chini, kama mkuu ana watoto. Kesho yake akarudi kuuliza kama mkubwa wao ni wa kike au wa kiume, na jina lake nani. Karani akafanya wanachofanya makarani wote duniani. Kufika saa ya chakula, shule nzima ilijua kwamba yule kijana mgeni anatafuta mchumba nyumbani kwa mkuu. Alichoambulia ni jina, na kwamba mtoto ni mmoja tu, ni wa kiume, na anaishi nchi ya mbali. Uvumi haukufa kwa hilo, ulibadilika sura tu.

Nami nilifurahi. Kwa nini nifiche? Niliiona nafasi inanifuata yenyewe.

Kabla hajapata nafasi ya kulitumia jina la mtoto, siku ya uamuzi ikafika, tukaitwa ofisini wote wawili. Tukakaa kwenye viti vya plastiki, birika la umeme linaguna juu ya kabati, dirisha limejaa ukungu. Mkuu hakuzunguka. Alimwambia Mheshimiwa kwamba mwaka mzima hajamwita hata mara moja, anamkoholea tu, na sasa anamchunguzia familia yake. Ilimuuma, sauti yake ilisema hivyo. Aliona wazi kwamba kijana hamtaki, na mtu hawezi kukaa mwaka mwingine na mkuu asiyemtaka.

Mheshimiwa akasimama. Lugha ya kule ilimtoka yote kichwani, akabaki na ya nyumbani. Mikono nyuma, macho chini.

"Mama Fulani," alisema, na pale pa Fulani akatia jina la yule kijana wa mbali, "nisamehe. Nilikuwa sijui nikuite nani."

Katika maneno yote hayo mkuu alilielewa moja tu, jina la mwanawe. Uso ukabadilika. Akanigeukia mimi na kuniuliza amesema nini.

Sasa fikiria mwenyewe. Nafasi iko mezani, mkalimani ni mimi, na Mheshimiwa kwa adabu zake asingethubutu kunikatiza hata ningesema ametukana. Ulimi uliniwasha. Lakini nilimtazama amesimama pale, jasho linamtoka kwenye baridi ile, nikashindwa. Nikaeleza yote. Kwamba kwetu mwanamke aliyezaa haitwi jina tupu na mtu wa rika la mwanawe, anaitwa kwa mtoto wake, na hiyo ni heshima. Kwamba kikohozi kilikuwa woga mtupu. Kwamba mtoto aliulizwa ili mama apate kuitwa.

Birika likachemka, likajizima. Mama wa watu akaomba aitwe tena. Mheshimiwa akamwita. Akavua miwani, akasema mwanawe hapigi simu ila akikwama, na pale shuleni hakuna aliyewahi kumwita mama wa mtu yeyote. Kisha akamwambia Mheshimiwa abaki.

Abaki! Na mimi ndiye niliyefasiri, kwa mdomo wangu huu.

Nadhani aliona uso wangu ulivyovimba, maana aliniuliza mama yangu mimi anaitwaje. Nikamjibu kwamba mimi ndiye kifungua mimba, kwa hiyo anaitwa kwa jina langu.

"Basi mwaka mzima wanamwita kwa jina la mtu ambaye hayupo," alisema. "Nenda nyumbani."

Nilikasirika hadi uwanja wa ndege, nikakasirika na huko angani. Niliposhuka kwenye teksi mbele ya geti letu, jirani aliyeniona wa kwanza hakunisalimu hata. Aligeuka akamwita mama kwa nguvu zake zote, Mama na jina langu, atoke aone. Nikalia pale pale barabarani, masanduku miguuni. Lakini ile nafasi bado inaniuma, sikudanganyi.