Kipindi cha Alhamisi kwa Kukhu

Juzi hapa Kitale fundi alifungua betri ya gari karibu nami, na ile harufu kali ya maji ya betri ikanikamata koo. Nikajikuta Bumula, nina miaka tisa, nimevaa sweta lililotobolewa na maji hayohayo.

Mama alikuwa ameniacha kwa Kukhu, nyanya yangu mzaa mama, akaja huku Kitale kufanya kazi kwenye shamba la mahindi ya mbegu. "Nitakuwa nakuja, si mbali," alisema. Si mbali! Mahindi yalipandwa, yakapaliliwa, yakavunwa, Mama hakuonekana. Nilimkosa hadi nikawa nanusa leso aliyoiacha, na simwambii mtu.

Televisheni ilikuwa moja tu, kwa jirani yetu Mwalimu, nayo ilitumia betri. Kila Alhamisi jioni watoto tulijaa sakafuni kutazama vichekesho vya familia moja yenye baba mkali asiyetiiwa na yeyote. Miguu ya Kukhu ilikuwa mibovu, kwa hivyo nilirudi mbio kumsimulia mekoni. Alicheka mpaka mwiko ukamponyoka.

Alhamisi moja nikakuta televisheni imefunikwa kitambaa cha kufuma. Betri ilikuwa imepelekwa senta, kule madukani, kuchajiwa. Sasa ningemwambia nini Kukhu? Nikatunga. Nikasema leo mama wa ile familia, aliyekuwa amesafiri, alirudi ghafla, watoto wakajificha chini ya kitanda wamshtue, na baba akachemsha chai ya kumkaribisha mpaka sufuria ikatoboka.

Kukhu hakucheka. Aliuliza, "Na huyo mama, alilala?"

"Alilala wiki nzima, Kukhu."

"Ati wiki nzima! Hiyo ni sinema kweli." Akafuta macho, akalaumu moshi.

Asubuhi alijikokota hadi senta kupiga simu ya kulipia. Jumamosi Mama akafika na mkate. Moyoni nilijigamba, nikajua kipindi changu ndicho kilichomleta. Alilala siku mbili, akaenda.

Nilipokuwa mtu mzima, Kukhu akiwa ameshatutoka, Mwalimu aliniambia huku akicheka kwamba mchana wa Alhamisi ile Kukhu ndiye aliyemshikia baiskeli yeye Mwalimu akiifunga betri aipeleke senta. Kumbe alijua hakuna kipindi! Kwa muda mrefu nilidhani alinisikiliza kwa kunihurumia tu. Lakini Mama alikuwa binti yake wa pekee. Swali lile la kulala alijiulizia mwenyewe. Mekoni tulikuwa wawili tuliomngoja, na mimi, mjinga, nilidhani niko peke yangu.