Nilitunga jini wa kisimani, kijiji kizima kikagoma kuteka maji

Wakuu, asalaam aleikum, na wasio wa huko habari za mchana.

Haya yamenitokea mwenyewe hapa Kinjumbi, Kilwa. Ni kweli tupu, ingawa mkimaliza kusoma mtaelewa kwa nini neno hilo naliandika kwa woga. Niliishia darasa la saba na naandika polepole, uzi huu umenichukua siku tatu. Msinikimbize.

Kazi yangu ni kushona kofia za mkono. Kazi ya moyo ni kutunga kaswida za madrasa yetu. Mbele za watu sauti hainitoki, kwa hiyo natunga, watoto wanaimba, mimi nasikiliza nikiwa nyuma ya mlango.

Mwaka huu nikaingiwa na tamaa ya kuandika mambo mengine.

Nikajaribu hadithi ya mapenzi. Ikanishinda. Sikuweza kuwaacha wawili wale peke yao, ikabidi niwafungishe ndoa ukurasa wa kwanza. Baada ya hapo sikuwa na la kusimulia.

Nikajaribu ya upelelezi. Mwizi akatubu kabla mpelelezi hajashuka kwenye basi.

Rafiki yangu Chande, anayepiga muziki kwenye maharusi, akaniomba mashairi ya singeli. Akayasoma, akanitazama.

"Mwanangu, hii nikiipiga watu watavua viatu."

Yaani kila ninachoandika kinasilimu, wakuu.

Nikasema ngoja niandike ya kutisha. Nikatunga jini mwanamke, mwenye kwato, anayekaa kwenye kisima chetu na kuwauliza wateka maji majina ya mama zao. Nikaituma kwenye grupu la WhatsApp la kijiji.

Kosa langu ni hili. Siwezi kuandika kitu bila kuanza na Bismillahi. Na mwishoni, kwa mazoea, nikaweka dua ya kujikinga. Kwamba ni hadithi, sikuandika popote.

Kesho yake kisimani hakuna mtu. Wanawake wote wamekwenda kisima cha mbali, mwendo wa saa nzima, na mama yangu mwenye goti bovu yumo.

Aliporudi nikamwambia, "Mama, mbona ile nimeandika mimi?"

"Ndiyo maana nimeamini. Wewe umewahi kusema uongo?"

Jioni Ustadhi Mfaume, mwalimu wa madrasa, akaniita. Nikamweleza. Akanitolea hukumu.

"Ijumaa baada ya swala utasimama useme. Wakiendelea kuogopa, kaswida za Maulidi tutawaomba wenzetu wa ng'ambo ya mto."

Wakuu, wale wa ng'ambo! Wanaimba kama wanaita mbuzi. Na mimi nikinyang'anywa kaswida sina mdomo mwingine.

Ijumaa nikasimama.

"Ndugu zangu... yule jini... nimemtunga mimi. Hayupo."

Kisha Mzee Likwata, muuza pweza, akatikisa kichwa.

"Maskini mtoto wa watu. Keshakaliwa na jini."

"Tazama anavyotetemeka!" akadakia mwingine.

Nikasomewa dua na kumwagiwa maji usoni. Nikazidi kutetemeka, maana maji yalikuwa ya baridi.

Pale nje Ustadhi akaninong'oneza, "Umemleta kwa kalamu, muondoe kwa kalamu. Nakupa mpaka Jumapili."

Nikawaza. Nikimuua, watasema mzimu wake umebaki. Nikimhamisha, atakwenda kisima cha mbali, na mama atapita wapi?

Ndipo nikaukumbuka ugonjwa wangu. Nikamsilimisha.

Sehemu ya pili, niliyoituma kwenye grupu lilelile, ikatoka hivi: jini anawasikia watoto wakisoma Kurani, anatubu, anapewa jina la Mwanaidi, anaposwa na jini mwema wa Songo Mnara, na anahama kumfuata mume. Ndoa nikaifunga ukurasa wa kwanza. Hapo nina uzoefu.

Nikamtungia na kaswida ya kumuaga, watoto waiimbe palepale kisimani. Jumapili tukafika, kumbe madufu yamefungiwa madrasa na mwenye ufunguo yuko msibani Kitomanga. Watoto wakapiga madumu ya maji.

Dumu tupu, wakuu, halijui mwendo wa pole. Kwenye ubeti wa tatu Chande akaja mbio kutoka barabarani.

"Nani kaleta singeli?"

Ustadhi akanisogelea. "Hii ni kaswida?"

"Ni kaswida, Ustadhi."

"Mbona mguu wangu hauna habari, unacheza tu?"

Wanawake walikuwa wamesimama mbali. Kisha Bi Somoe, mkubwa wao, akapiga kigelegele, akasogea na kushusha ndoo kisimani.

"Mwenzetu kaolewa, tumwombee heri," akasema, akateka. Wa pili kuteka alikuwa mama yangu.

Kaswida za Maulidi nimeachiwa. Wale wa ng'ambo wamealikwa, waje wasikilize.

Nilichojifunza: hadithi iandikwe juu kabisa kwamba ni hadithi, hasa ikiwa watu wanakuamini. Na mkono wako ukiandika kwa namna yake, usigombane nao. Ninachoandika mimi kinasilimu, basi kisilimu.

Jambo moja sijamwambia mtu. Juzi jua likizama mama alinituma maji. Nilikwenda kisima cha mbali.

Kuna mwingine humu anayeogopa kitu alichokitunga mwenyewe? Jitokezeni wakuu, nisiwe peke yangu.