Koti la Njano na Mdiria wa Mikoko

Mimi niliacha shule darasa la tano, na leo niko na maduka matatu ya simu pale Isipingo. Niliingia Durban na begi moja. Kwa hiyo si vitu vingi vinavyonishinda. Lakini ile Jumamosi ya mwezi wa tisa, mpaka leo sijaielewa.

Binti yangu anasoma wanyama chuo kikuu. Miaka miwili hakunipeleka mbele ya wenzake hata mara moja. Nilijua ananionea haya. Siku hiyo akasema, "Papa, twende kutazama ndege. Iko mdiria wa mikoko, karibu anahama, harudi mpaka baridi ijayo."

Kwetu Wakongo, ukialikwa kwa watu wa heshima, unavaa. Nikatoa kostime ya njano, koti na suruali yake, viatu vya kung'aa, na manukato.

Kule kwenye mikoko, karibu na bandari, upepo wa kusini ulikuwa unatupiga na mvua usoni. Wenzake wote walivaa nguo za rangi ya matope. Kiongozi wao, mzee wa Kihindi, alinitazama toka juu mpaka chini.

"Baba, koti lako linaonekana mpaka kule ufukweni South Beach."

"Asante," nikamjibu.

Binti yangu akainamia viatu vyake.

Tulikaa kwenye kibanda cha mbao masaa matatu, kimya. Kimya mimi sikijui, basi nikawanong'oneza jinsi nilivyofungua duka la kwanza. Wao wakaendelea kuchungulia darubini. Ndege hakuna. Iko mvua tu, na kreni za makontena.

Mwishowe mzee akafuta darubini yake, akasema, "Siku nzuri." Wote wakakubali. Nzuri ya nini?

Ndani ya gari nikamwona binti anaandika kwenye daftari.

"Unaandika nini, na hatukuona kitu?"

"Naandika kwamba hatukumwona. Hiyo pia ni habari, Papa."

Dukani kwangu, mteja ambaye hakuja haandikwi popote.

Nikavumilia mpaka robot ya pili, zile taa za barabarani, ikawaka nyekundu. "Ni mimi nimemfukuza?"

"Labda koti. Labda mvua. Labda alishahama."

"Sasa ni ipi?"

"Sijui."

Miaka miwili ya chuo, anasema hajui, tena anatabasamu. Taa ikawa kijani. Akasema bila kuinua kichwa, "Jumamosi ijayo uvae kaki. Na manukato uache nyumbani."

"Si umesema labda amehama?"

"Labda."

Kaki sikuwa nayo. Jumatatu nilinunua mbili.