Redio ya Dijitali kwa Masikio Yaliyochoka

Kila Jumapili alasiri klabu yetu ya redio hukutana hewani. Tuko wachache, wengine Kilosa, wengine Mikumi, na milima iko katikati. Sauti zetu hupitia mtambo wa zamani tulioufunga mlimani, ambao siku hizi unakoroma zaidi kuliko kusema. Mimi natengeneza simu za watu mjini, na mtambo ukizima ni mimi ninayepanda.

Mkubwa wetu ni mzee mmoja wa Kilosa, mstaafu wa reli aliyewahi kuwa bwana stesheni Kidete. Rafiki yake wa siku nyingi, fundi magari mstaafu, anaishi Mikumi. Masika moja yule wa Mikumi alisema hewani, "Mama watoto amelazwa. Hali si nzuri."

Mzee wetu akajibu kwa uchangamfu, "Vizuri sana, ndugu yangu. Tumshukuru Mungu."

Tangu siku hiyo rafiki yake hakusikika tena.

Nilikwenda kwa mzee. Nikampa shikamoo, akaitikia, lakini aliyenieleza ni mkewe. "Masikio yake yamechoka, mwanangu. Kwenye redio anasikia mvua ya kwenye bati tu. Anajibu kwa kubahatisha."

Nilimsogelea nikamweleza mwenzake alisema nini, na yeye alimjibu nini.

"Na yeye akadhani nafurahia shida yake," alisema.

Sauti ya dijitali haina mkwaruzo: ama inafika safi, ama inakatika. Klabuni tulishaijadili tukaiacha, maana mtambo mpya wa mlimani ulituzidi uwezo. Safari hii nilipendekeza tusiuguse mtambo. Tuweke kikasha kidogo kila mji, chenye laini ya simu, viunganishwe kwa intaneti, nasi tuongee kupitia vikasha hivyo kwa redio koli za dijitali za mtumba. Tuanze na mbili. Wengine wabaki na zao za zamani. Redio tulizipata kwa kampuni moja ya ulinzi iliyokuwa ikibadilisha zake. Vikasha niliviunga mwenyewe kwa kompyuta ndogo kuukuu, nikisinzia juu ya meza, kimoja nikakiweka kwa mzee pamoja na redio yake.

Nikapanda basi la kupitia kijiji cha Ulaya hadi Mikumi. Rafiki wa mzee alinikaribisha kwa adabu, bila tabasamu. Mkewe alikuwa amerudi kutoka hospitali, amelala chumbani.

"Sikuagiza redio," alisema.

"Najua, baba. Ila yule mzee hasikii. Siku ile hakusikia hata neno moja."

Aliniangalia. "Hasikii tangu lini?"

"Mkewe anasema tangu mwaka juzi."

Akanionyesha soketi ya umeme. Siku hiyo mtandao ulikuwa dhaifu, maneno yakakatikakatika, nikarudi Kilosa mikono mitupu na mgongo unauma. Wiki iliyofuata nilikwenda tena, nikaifunga modemu ya kikasha, ile yenye laini ya simu, juu ya mti wa antena yake, nikabonyeza redio na kumwita mzee.

"Nakusikia," mzee alijibu toka Kilosa. "Nakusikia kabisa."

Nikampa mwenyeji redio. Akaisogeza mdomoni.

"Mama watoto alilazwa," alisema polepole. "Sasa yuko nyumbani. Mguu mmoja bado haumtii."

"Pole, ndugu yangu. Pole sana. Siku ile sikukusikia. Nilidhani unanisimulia mavuno."

Yule mzee wa Mikumi akacheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa kiganja. Akaipeleka redio chumbani, nikasikia mkewe akisalimia.

Klabu haijahamia yote kwenye dijitali, na sidhani itahamia karibuni. Bando likiisha vikasha vinanyamaza, na simu inayolia ni yangu. Umeme ukikatika, ni yangu. Mtambo wa mlimani nao bado unanihitaji. Jioni ile ya kufunga modemu, ndani ya basi la kurudi Kilosa, nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nililala nikaipita stendi, kondakta akaja kuniamsha.